Kalamu ya Daktari Stensrud

Kwa sheria za kazi yake, Kaisa Niemela hakuwa na mdomo. Walimwambia hivyo siku ya kwanza, katika chumba chenye mashine ya kahawa na dirisha linalotazama bandari ya Duluth iliyoganda: wewe ni kalamu ya daktari. Daktari anauliza, mgonjwa anajibu, wewe unaandika. Humgusi mgonjwa, humshauri, humpi pole ndefu. Ukisikia jambo ambalo daktari hakulisikia, unamwambia daktari, basi. Wenzake wawili walioanza naye waliiona sheria hiyo inabana na kabla ya majira ya baridi wakawa wameshaacha kazi. Kaisa aliiona kama nguo iliyoshonwa kwa vipimo vyake. Tangu utotoni alikuwa mtu wa kujibu akiulizwa, tena akiulizwa mara mbili.

Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, mwaka wa tatu chuo kikuu, akisoma biolojia ili aje aingie shule ya udaktari. Na shule za udaktari, kama kila mwanafunzi pale chuoni juu ya kilima alivyojua, zinataka kwa pamoja vitu ambavyo havikai pamoja. Zinataka alama za mtu asiyefanya lolote ila kusoma, na zinataka masaa elfu moja ya mtu aliyeshinda katikati ya wagonjwa. Anayefanya kazi alama zinashuka. Anayekaa maktaba hana masaa. Yule fisi wa njia panda angalau alikuwa na ruhusa ya kuchagua njia. Juu ya yote kuna barua: daktari mmoja aliyekuona ukifanya kazi lazima aweke jina lake kwamba unafaa.

Februari ile Kaisa alikuwa na masaa mia nane na arobaini. Kemia ya kikaboni ilikuwa imemshika kooni. Mtihani wa nusu muhula ulikuwa Jumatano asubuhi, na akianguka, somo zima limekwenda. Na Daktari Stensrud alikuwa amemwahidi kwamba barua yake ingetumwa kabla ya Ijumaa saa kumi na moja jioni, saa ambayo kamati ya chuo ilifunga kupokea.

Ratiba yake haikuwa na tundu la kupenyeza hata sindano. Kuanzia saa mbili asubuhi alikuwa darasani. Saa sita kasoro alikimbia kwenye gari, akachomoa waya wa umeme uliokuwa ukipasha injini isigande, akateremka kilima huku akitafuna mkate wenye siagi ya karanga. Saa sita na nusu alikuwa kliniki, nyuma ya kompyuta yake ya magurudumu, akimfuata Daktari Stensrud chumba hadi chumba, hadi saa kumi na moja na nusu. Kadi zake za kemia zilikaa chini ya kioo cha kompyuta. Kila daktari alipogeuza maongezi kwenda kwenye uvuvi, na aliyageuza kwa kila mgonjwa, Kaisa alipata dakika moja ya kadi.

Daktari Stensrud alikuwa mtu mnene wa miaka sitini na mmoja, mpole, mwenye vidole vinene visivyowahi kupatana na kibodi. Kabla ya kuletewa mwandishi, alikuwa akibeba mafaili nyumbani na kuandika kwa vidole viwili hadi mkewe analala. “Tangu uje,” alimwambia Kaisa siku moja, “nimegundua mke wangu anapika vizuri. Miaka tisa nilikuwa nakula chakula kilichopoa.” Kaisa akatabasamu kwenye kompyuta.

Sasa, kuna jambo moja la kazi ile ambalo lazima lielezwe, maana ndilo lililozaa mengine. Mgonjwa wa kisukari akija kwa ukaguzi, daktari humvua viatu na kumtazama miguu, kwa sababu kisukari huua hisia za nyayo, na mtu anaweza kutembea na kidonda asijue. Kuandika matokeo ya ukaguzi huo ni maneno yale yale kila mara, kwa hiyo waandishi wana njia ya mkato. Unagonga herufi tatu na aya nzima inaruka yenyewe: *Miguu yote miwili imekaguliwa. Ngozi ni nzima, hakuna kidonda. Mapigo yapo. Hisia zipo.* Mwanzoni Kaisa aliigonga baada ya daktari kuinuka kutoka kwenye miguu ya mgonjwa. Baadaye akaigonga daktari akiwa bado ameinama. Ilipofika Januari alikuwa anaigonga mgonjwa akiwa bado anavua koti, apate muda wa kadi. Kama kuna tatizo angelirekebisha. Jioni daktari aliweka saini mafaili ishirini na mawili kwa dakika nne. Hakuwa anasoma. Alimwamini.

Jumanne, siku moja kabla ya mtihani, alikuja Waino Kangas.

Alikuwa mzee wa miaka sabini na nne aliyefanya kazi kwenye gati la mawe ya chuma mpaka mgongo ukakataa, mjane, mwenye kisukari cha miaka kumi na tano. Nje kulikuwa na nyuzi ishirini na sita chini ya sufuri, na Mzee Kangas alikuwa amevaa mabuti ya kamba, yaliyofungwa tundu kwa tundu hadi katikati ya muundi.

“Habari za mwili, Waino?” aliuliza daktari.

“Si mbaya sana.”

“Sukari?”

“Si mbaya.”

“Miguu?”

“Ipo. Yote miwili. Nimehesabu asubuhi.”

Daktari alicheka hadi kiti kikalia. Watu wa huku wangeweza kukatwa mkono na kusema si mbaya, ninao mwingine. Na ni watu ambao hawawezi kukanyaga zulia la mtu na viatu, hata nyumba iwe inaungua. Lakini kliniki hakuna zulia, basi mabuti yanabaki miguuni. Daktari aliinama kidogo, akayatazama yale ya Waino, akahesabu kamba.

“Tukianza kufungua hizi,” alisema, “tutakula chakula cha jioni hapa.”

“Mimi nimekuja na pai yangu ya nyama garini. Wewe je?”

“Basi tutaitazama ukija tena, barafu ikiyeyuka. Enhe, hebu niambie, wametoka samaki kwenye ghuba?”

Samaki walikuwa wametoka. Wakaongea kuhusu unene wa barafu, na Kaisa akatazama kadi. Aya ya miguu ilikuwa imeshakaa kwenye faili tangu Waino anavua kofia. Kaisa alijiambia, nitaifuta.

Daktari alitoka kwenda chumba cha pili. Kaisa alikuwa anasukuma kompyuta yake nje, Mzee Kangas akashika kitasa cha mlango akasimama hapo hapo, kama wafanyavyo watu wa huku: kuaga kwao ndiko mwanzo wa mazungumzo.

“We binti. Niemela wa wapi? Wa Esko?”

“Ndiyo, Mzee. Babu alikuwa wa Esko.”

“Eino! Nilifanya naye kazi gatini. Alikuwa haongei. Tulidhani ni bubu hadi siku sanduku lilipomwangukia kidoleni. Siku hiyo tulijifunza maneno mapya.”

Kaisa alicheka kweli. Mzee alifurahi. Kisha akashusha sauti, akatazama sakafu.

“Soksi ya kushoto inalowa kidogo siku hizi. Haiumi. Nadhani buti linavuja. Si kitu cha kumsumbulia daktari.”

“Nitamwambia,” alisema Kaisa.

“Kaisa!” Bernadine, muuguzi, aliita kutoka mwisho wa ukumbi. Bernadine alikuwa na sauti ya kuita mbwa kwenye ziwa. “Chumba cha nne! Daktari anaongea peke yake kule, na hakuna anayemwandikia!”

Akakimbia. Chumba cha nne kulikuwa na mtoto anayelia, cha tano mwanamke mwenye orodha ya maswali kumi na saba. Saa kumi na moja na nusu daktari aliketi, akaweka saini mafaili ishirini na mawili, akavaa koti lake. Kaisa alikuwa ameshafika kwenye gari, akikariri mimenyuko ya alkoholi na asidi.

Alikumbuka kesho yake, katikati ya mtihani.

Theluji ya uwanja wa magari ilikuwa imemwingia ndani ya buti wakati akikimbilia ukumbini, ikayeyuka, na alipofika swali la nne alihisi soksi yake imelowa na kidole kimekufa kwa baridi. Alichezesha kidole. Kiliuma. Ndipo maneno ya yule mzee yalipomrudia: inalowa, haiumi. Buti linalovuja hulowesha mguu na kuugandisha. Mtu mwenye hisia angelia. Mzee haumii kwa sababu nyayo zake hazina hisia tena. Na yale si maji ya theluji; ni majimaji ya kidonda.

Halafu akakumbuka aya. Hakuifuta.

Msimamizi alikuwa amesema mwanzoni: anayetoka harudi. Simu zote zilikuwa kwenye kikapu mbele. Zilibaki dakika arobaini. Kaisa alitazama mlango, akatazama swali la nne, na — hili hakumwambia mtu kwa muda mrefu — alibaki. Aliandika hadi dakika ya mwisho, akichora molekuli huku akijua nusu yake si sahihi. Alibaki, wala hakufaidika kwa kubaki.

Akiteremka kilima alipanga maneno. Na alipanga kwa ujanja, tusimpambe. Angemwambia daktari habari ya soksi tu. Daktari angempigia mzee simu, mzee angekuja, mguu ungetazamwa, na ile aya ingebaki imelala ndani ya faili bila mtu kuiamsha. Mguu ungepona na barua ingetumwa. Kwa nini mtu achague kimoja?

“Nataka kuongea na daktari,” alimwambia Bernadine.

“Kila mtu katika mji huu anataka kuongea na daktari. Wewe una bahati, unalipwa kwa hilo.” Kisha Bernadine akamtazama vizuri. “We mtoto, umekula? Uso umekuwa kama barafu ya ziwani. Nenda. Una dakika mbili.”

Daktari Stensrud alikuwa anakunywa supu kutoka kwenye kifuniko cha chupa ya chai. Kaisa alimweleza habari ya soksi. Daktari aliacha kunywa, akavuta kompyuta, akafungua faili la Waino Kangas.

“Hapana, yuko salama,” alisema baada ya kusoma. “Nilimtazama jana. Ngozi nzima, mapigo yapo, hisia zipo. Kama hisia zipo, angehisi kidonda. Atakuwa anatoka jasho tu, na hayo mabuti. Mwambie Bernadine ampange wiki ijayo.”

“Daktari… hukumvua viatu.”

“Nilimvua.” Alisema bila ukali, kama mtu anayemkumbusha mwenzake siku ya wiki. “Imeandikwa hapa. Nakumbuka hata nilivyoinama.”

Hakuwa anadanganya. Hilo ndilo lililomtisha Kaisa kuliko ukali wowote. Aliona yule mtu mwema akikumbuka, mbele ya macho yake, jambo ambalo halikutokea, na akilikumbuka kwa maneno ambayo yeye Kaisa aliyatoa kwa herufi tatu. Ile aya haikuwa imelala. Ilikuwa imesimama mlangoni ikimzuia mzee asiingie. Hakukuwa na njia ya kuufikia mguu bila kupita juu yake.

Alijisikia akisema, na sauti ilitoka ndogo.

“Hayo ni maneno yangu. Niliyaandika kabla hujainama. Huwa nayaandika kabla.”

“Huwa?”

“Tangu Januari.”

Supu ilikuwa inatoa mvuke. Nje Bernadine alikuwa anamwambia mtu kwamba chumba cha pili kiko tayari. Daktari alisoma tena aya ile, polepole, mdomo ukitembea, kama anasoma jina lake kwenye kaburi. Kisha akachukua simu.

“Waino? Stensrud. Miguu ikoje?… Najua si mbaya. Njoo sasa hivi… Hapana, hata kama samaki wanakula. Waache washibe.”

Mzee Kangas alifika saa tisa. Kaisa alisimama kwenye kona yake. Daktari alipiga magoti sakafuni, akafungua kamba tundu baada ya tundu, na hakuna aliyezungumza habari za samaki. Buti la kushoto lilipotoka, harufu ilitangulia. Soksi ilikuwa imeshikana na unyayo. Chini ya kidole gumba palikuwa na shimo ambalo ncha ya kidole ingeingia, na pembeni nyama ilikuwa imegeuka rangi. Daktari aliingiza mkono ndani ya buti akapapasa, akatoa msumari wa paa, mfupi, ulioingia kupitia soli.

“Kumbe!” alisema Mzee Kangas. “Nilitengeneza banda kabla ya Krismasi. Nilijua kuna mmoja umepungua.”

Hakuna aliyecheka, na hapo ndipo mzee alipoelewa. Aliutazama mguu wake kwa mara ya kwanza, kwa kuupinda, kama unavyotazama kitu cha mtu mwingine.

“Ni mbaya, basi,” alisema.

“Ndiyo, Waino,” alisema daktari. “Hii ni mbaya.”

Walimpeleka hospitali kubwa jioni ile ile. Wapasuaji walichukua vidole viwili na kuuacha mguu. Walisema wiki moja zaidi ingekuwa habari nyingine. Na kabla ya kumwita mgonjwa anayefuata, Daktari Stensrud alivuta kompyuta ya Kaisa upande wake akaandika mwenyewe, kwa vidole viwili, dakika kumi nzima wagonjwa wakingoja: kwamba Jumanne miguu haikukaguliwa, kwamba maelezo ya siku ile si ya kweli na yeye ndiye aliyeyatia saini. Hakutaja kalamu. Lakini kliniki ina watu wanaosoma marekebisho kama hayo, na kampuni iliyowaajiri waandishi ina wengine. Alhamisi mchana Kaisa alipata barua pepe ya mistari mitano. Kuanzia kesho asije kazini, uchunguzi unaendelea, kitambulisho akirudishe.

Alikirudisha Ijumaa, saa kumi kupita. Alitaka kukiacha kwa Bernadine na kutoweka.

“Hukiachi kwangu,” alisema Bernadine. “Mimi si sanduku la posta. Anakusubiri.” Halafu, kwa sauti ambayo Kaisa hakujua kama anayo: “Mzee Kangas ameuliza habari zako. Anasema mjukuu wa Eino ameongea, na hakuna sanduku lililomwangukia.”

Daktari alikuwa peke yake ofisini, mafaili ya siku nzima yamemrundikia. Alikuwa amerudi kwenye vidole viwili. Alionekana mchovu.

“Kaa.”

Kaisa alibaki amesimama, kisha akakaa.

“Nimeianza barua yako mara tatu,” alisema. “Kamati inauliza, je, mwombaji huyu ni mwaminifu? Najua jibu. Sijawahi kulijua kwa mwandishi yeyote kama ninavyolijua kwako. Lakini nikisema ndiyo, itabidi niseme nimejuaje.”

“Usiiandike, Daktari. Nitaomba mwakani.”

“Mwakani nani atakuandikia? Kampuni hiyo itakurudisha? Masaa utayapata wapi?”

Kaisa alikuwa ameshayazunguka maswali hayo kichwani usiku kucha, kama chumba kisicho na mlango, akigusa kila ukuta. Bila barua mwaka umekwenda. Bila kazi masaa yameishia mia nane na sitini. Alama za Jumatano zingetoka Jumatatu, na tayari alijua zingekuwaje.

“Nimeandika yote,” alisema daktari. “Na langu na lako. Ningekusomea, lakini Bernadine ananiambia ulishasaini.”

Ni kweli alikuwa amesaini. Waombaji wote wanasaini mwanzo wa mwaka, fomu ya kukubali kwamba hawatasoma kamwe barua walizoandikiwa. Asiyesaini, kamati humtilia shaka. Alisaini Septemba bila kufikiri, kwa haraka, kati ya darasa na kazi.

“Ukinikataza siitumi,” alisema daktari. “Ukiniruhusu, itakwenda kama ilivyo. Siwezi kukuahidi wataisoma kwa macho gani. Mimi ningekuchukua. Lakini mimi si kamati.”

Saa ya ukutani ilionyesha kumi na dakika arobaini na nane. Kaisa alitazama mikono yake mapajani. Alitaka mtu amwambie la kufanya, amwagize, na yeye aandike.

“Tuma,” alisema.

“Umesema?”

“Tuma, Daktari.” Safari hii alisikika.

Daktari aligeukia kioo, akakodoa macho, akasogeza mshale juu, akausogeza chini, akabonyeza kitu na ukurasa ukajificha, akauita tena kwa kuapa kimyakimya. Dakika tano zilipita hivyo.

“Hiki kitufe wamekiweka wapi watu hawa?”

Kaisa aliinuka, akazunguka meza. Alikuja kwa ubavu, uso ameugeuzia dirishani, akaweka kiganja chake cha kushoto juu ya kioo ili kuyafunika maneno. Kiganja chake kilikuwa kidogo na barua ilikuwa ndefu. Kati ya kidole cha pili na cha tatu neno moja, *lakini*, lilibaki wazi, na hakuweza kulikosa. Hakusogeza vidole. Kwa mkono wa kulia alitafuta kitufe pembeni chini, akakipata, akabonyeza.

“Imekwenda?” aliuliza daktari.

“Imekwenda.”

Alivua kitambulisho shingoni, akakiweka mezani juu ya mafaili ambayo hayajaandikwa, akaenda kuvaa koti lake.